Erlang: Mwalimu wa kijijini aliyeifunza dunia hesabu ya foleni za simu

Na MWANDISHI WETU

SAA mbili za usiku mtaani Riruta Satellite, jijini Nairobi, ndiyo saa ambayo kila mtu anauhitaji mtandao kwa pamoja. Mwanafunzi anatafuta majibu ya kazi aliyopewa shuleni. Kinyozi amewafungulia wateja wake mechi. Mwenye duka anahesabu malipo yaliyoingia kwa simu tangu asubuhi, naye kijana wa ghorofa ya nne anazungumza kwa video na nduguye aliye Dubai.

Mara picha inaganda. Sauti inakatika katikati ya neno na malipo ya mteja yanakawia njiani. Alfajiri ya saa kumi, mtandao uo huo, kupitia waya ule ule na kwa bei ile ile, unakwenda mbio kana kwamba hapakuwa na tatizo lolote.

Kwa nini huduma moja iwe njema alfajiri na mbovu usiku? Swali hili lilianza kabla ya intaneti. Liliulizwa jijini Copenhagen, Denmark, zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakati simu zilipokuwa zikiunganishwa kwa mkono. Aliyelipatia jibu la kihesabu ni Agner Krarup Erlang, mwalimu wa shule aliyegeuka kuwa mtafiti wa kampuni ya simu. Wahandisi wa mawasiliano kote duniani wangali wanatumia jina lake kama kipimo.

Mtoto wa mwalimu

Erlang alizaliwa Januari 1, 1878, katika kijiji cha Lønborg, eneo la Jutland. Baba yake, Hans Nielsen Erlang, alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji na karani wa parokia. Mama yake, Magdalene, alitoka katika ukoo wa Krarup, uliosifika kwa viongozi wa kanisa. Miongoni mwa mababu wa upande huo alikuwamo Thomas Fincke, mwanahisabati aliyezaliwa mwaka wa 1561, ambaye anakumbukwa kwa kuanzisha istilahi za tanjenti na sekanti.

Agner alilelewa pamoja na kaka yake, Frederik, aliyemtangulia kwa miaka miwili, na dada zao wadogo, Marie na Ingeborg. Inasimuliwa kwamba jioni, kaka yake alipokuwa akisoma, Agner aliketi upande wa pili wa meza na kukisoma kitabu kile kile kikiwa kimepinduliwa. Alipenda sana elimu ya nyota, hata akawa anatunga mashairi kuzihusu.

Akiwa na umri wa miaka 14 alifanya mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Ilibidi apewe ruhusa maalumu kwa sababu ya udogo wake. Alipita kwa sifa, kisha akarejea kijijini na kuisaidia shule ya baba yake kwa miaka miwili kama mwalimu, huku akijifunza Kifaransa na Kilatini.

Mwaka wa 1896 alifaulu mtihani wa kujiunga na chuo kikuu na kupata ufadhili, kwa kuwa wazazi wake hawakuwa na uwezo mkubwa wa fedha. Alihitimu mwaka wa 1901 katika hisabati, akiwa amesoma pia astronomia, fizikia na kemia. Kwa miaka iliyofuata alifundisha katika shule mbalimbali. Hata hivyo, hakuiacha hisabati. Mwaka wa 1904 alituzwa na chuo chake kwa insha kuhusu kazi ya Christiaan Huygens, mwanasayansi Mholanzi wa karne ya 17.

Mlango wa kampuni ya simu

Erlang alikuwa akihudhuria mikutano ya chama cha wanahisabati wa Denmark. Huko alifahamiana na Johan Jensen, mhandisi mkuu wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, ambaye hisabati aliifanya kwa mapenzi tu wala si kwa mshahara. Jensen hadi leo anajulikana vyuoni kwa kanuni aliyoichapisha mwaka wa 1906. Ndiye aliyemjulisha Erlang kwa mkurugenzi wa kampuni, Fredrik Johannsen.

Mkurugenzi huyo alikuwa na tatizo lililomnyima usingizi. Wakati ule mtu hakuweza kumpigia mwenzake moja kwa moja. Alimwita opereta aliyeketi mbele ya ubao wenye matundu, naye opereta akachomeka waya ili kuwaunganisha wawili hao. Kampuni ikiajiri maopereta wachache na kutandaza nyaya chache, wateja watangoja na kunung'unika. Ikiajiri wengi kupita kiasi, maopereta watakaa bure na fedha zitapotea. Je, idadi inayofaa ni ipi? Johannsen mwenyewe alikuwa amejaribu kulichunguza jambo hilo, lakini lilihitaji mtaalamu wa hesabu.

Mwaka wa 1908, akiwa na umri wa miaka 30, Erlang aliacha ualimu na kujiunga na kampuni hiyo. Baadaye alikabidhiwa maabara yake. Alidumu huko karibu miaka 20, hadi kufa kwake.

Ngazi na mashimo ya barabarani

Msomaji asidhani kwamba mtu huyu alijifungia ofisini na karatasi zake. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kupima umeme uliokuwa ukivuja katika nyaya za simu zilizofukiwa chini ya barabara za jiji. Maabara haikuwa na wasaidizi, hivyo Erlang alikwenda mwenyewe. Alipita barabarani akifuatana na kibarua aliyebeba ngazi, wakafungua vifuniko vya mashimo na kuteremka chini kuchukua vipimo.

Tabia hiyo ya kupima kwanza ndiyo iliyozaa hesabu zake. Mwaka wa 1909 alichapisha makala yaliyoonyesha kwamba simu zinazopigwa na watu wasiojuana hufuata mpangilio unaojulikana katika nadharia ya uwezekano. Hakuna awezaye kutabiri ni nani atakayepiga simu katika dakika ijayo. Hata hivyo, inawezekana kukadiria kwa usahihi ni mara ngapi zitapigwa simu tatu, tano au kumi katika dakika hiyo.

Manamba wa stendi ya Kawangware 46 anaielewa hali hiyo bila kuisomea. Hamjui abiria atakayetokea sasa hivi, lakini anajua matatu itajaa baada ya muda gani asubuhi, na muda gani adhuhuri. Erlang aliupa ujuzi wa aina hiyo umbo la kanuni inayoweza kuandikwa, kujaribiwa na kutumiwa na mtu mwingine mahali pengine.

Kanuni ya mwaka wa 1917

Kazi iliyomletea sifa kubwa ilitoka mwaka wa 1917, wakati vituo vya simu vya kujiendesha vilipokuwa vikianza kuchukua nafasi ya maopereta. Katika makala hayo alitoa kanuni mbili kuu. Ya kwanza inahusu mfumo ambamo mteja akikuta laini zote zina watu, anakataliwa papo hapo. Ya pili inahusu mfumo ambamo anawekwa kwenye foleni na kungoja.

Mfano mdogo unatosha kuonyesha uzito wa kanuni ya kwanza. Tuseme katika saa moja watu hupiga simu 20, na kila mazungumzo huchukua dakika tatu kwa wastani. Jumla ni dakika 60. Mtu wa kawaida atasema laini moja inatosha, kwani saa moja ina dakika 60.

Hesabu ya Erlang inasema sivyo. Kwa kuwa watu hawapangi zamu ya kupiga simu, nusu yao watakuta laini ina mtu. Zikiwekwa laini mbili, mmoja kati ya watano atakataliwa. Zikiwa tatu, watakataliwa sita hivi kati ya 100. Ni mpaka ziwe tano ndipo wanaokataliwa wanapungua hadi watatu hivi kati ya 1,000.

Tuongeze wapigaji mara kumi, ziwe simu 200 kwa saa. Laini kumi zitawakatalia zaidi ya watu 20 kati ya 100. Hata hivyo, laini 18 zinatosha kuwashusha wanaokataliwa hadi chini ya mmoja kati ya 100. Vijiji kumi vilivyotengana, kila kimoja na laini zake tano, vingehitaji laini 50 kupata huduma ya kiwango hicho. Vikiunganisha wapigaji wao mahali pamoja, vinahitaji 18 tu. Hiyo ndiyo maana ya umoja ni nguvu kwa lugha ya hesabu.

Kanuni ya pili, ile ya kungoja, inashangaza zaidi. Chukua mhudumu mmoja, wateja wanaofika bila mpango, na muda wa kuhudumiwa unaotofautiana ovyo baina ya mteja na mteja. Mhudumu akiwa na kazi nusu ya muda wake, mteja atatumia kwa wastani mara mbili ya muda wa kuhudumiwa. Akiwa na kazi asilimia 90 ya muda wake, mteja atatumia mara kumi. Ikifika asilimia 95, ni mara 20.

Kwa hivyo foleni haikui polepole kadiri watu wanavyoongezeka. Hutulia kwa muda mrefu, kisha hufumka kwa ghafla karibu na kilele. Anayechota maji kwenye bomba la pamoja Kibera au Kawangware ameliona hilo kwa macho yake. Wakiongezeka wachotaji wachache tu saa ya jioni, mitungi huzunguka kona.

Kutoka simu hadi intaneti

Habari za Erlang zilienea. Idara ya posta na simu ya Uingereza ilizipokea kanuni zake na kuzitumia. Mtafiti mmoja wa maabara za Bell, Marekani, alijifunza Kidenmaki ili ayasome maandishi yake katika lugha ya asili.

Ni kweli kwamba intaneti haifanyi kazi kama simu za enzi hizo. Simu ya zamani ilihodhi waya mzima tangu salamu hadi kwaheri. Intaneti huukata ujumbe vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti husafiri ikipitia mitambo ya kuelekeza njia iitwayo ruta. Katika kila ruta, pakiti hupanga foleni ikingoja zamu. Foleni ikijaa, pakiti zinazofika hutupwa, na hapo ndipo picha huganda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Leonard Kleinrock, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamifu katika chuo cha MIT, Marekani, aliichukua hesabu ya foleni na kuipeleka kwenye mitandao ya ujumbe wa aina hiyo. Mwaka wa 1959, Mholanzi Edsger Dijkstra alikuwa amechapisha kanuni ya kutafuta njia fupi kati ya vituo viwili, ambayo ruta nyingi huitumia hadi sasa. Baadaye watafiti waligundua kwamba data za kompyuta huja kwa mafuriko makali kuliko simu za sauti, hivyo hesabu za mwaka wa 1917 zikahitaji kuongezewa nyingine. Hata hivyo, swali la msingi limebaki lile lile: saa ya msongamano mkuu, wako wangapi, na njia ni ngapi?

Nairobi na njia za mbali

Historia ya intaneti nchini Kenya inaonyesha gharama ya kulipuuza swali hilo. Hadi mwaka wa 2000, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti jijini Nairobi kwenda kwa jirani aliyejiunga na kampuni nyingine ilipitia ng'ambo. Ilirushwa hadi kwenye setilaiti iliyo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ardhi, ikateremka nchi za mbali, kisha ikarudi kwa safari kama hiyo. Mkazi wa Riruta aliweza kutembea hadi kwa mwenzake wa Kibera, ng'ambo ya Barabara ya Ngong, bila kuondoka Nairobi. Ujumbe wake ulilazimika kuvuka bahari mara mbili.

Mwishoni mwa mwaka huo, kampuni za intaneti zilifungua kituo cha kubadilishana data cha KIXP ili safari za humu nchini ziishie humu nchini. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na tume ya mawasiliano, CCK, ikaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002 baada ya kupewa leseni.

Nyaya za baharini zilifuata. SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka wa 2009, na EASSy mwaka wa 2010. Hapo ndipo Wakenya walipoonja kasi. Lakini Februari 2012, nanga ya meli iliukata waya wa TEAMS karibu na Mombasa. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja katika bahari ya kusini mwa Afrika, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na Uganda.

Ruta zilijua kutafuta njia nyingine, na zilifanya hivyo. Tatizo ni kwamba mzigo wa nyaya zilizokatika ulihamia kwenye njia zilizobaki, na njia hizo zilikuwa na mzigo wake. Erlang angelitambua jambo hilo mara moja. Njia ya akiba iliyokwisha kujaa haiwezi kubeba zaidi, hata ingawa kwenye ramani inaonekana ipo.

Huko Kibera, taasisi ya Tunapanda ilijenga mtandao wa kijamii wa TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo vya vijana kwa mawimbi yasiyo na waya. Faida moja ya mtandao wa aina hiyo ni kwamba masomo yaliyohifadhiwa humo humo mtaani hayahitaji kuvuka bahari ili kumfikia mwanafunzi wa jirani.

Mtu mkimya, mkono mwepesi

Erlang hakuoa. Kwa muda mrefu aliishi na dadaye Ingeborg, na fedha zake nyingi aliziweka katika vitabu vya hisabati, astronomia na fizikia. Maskini wa Copenhagen walijua njia ya kwenda maabarani kwake. Walipomfikia aliwapa msaada kwa siri, bila kuwaaibisha mbele ya watu.

Katika miaka yote ya ajira yake inaelezwa kwamba hakukosa kazini kwa sababu ya ugonjwa, hadi Januari 1929 alipolazwa hospitalini kwa upasuaji wa tumbo. Alifariki siku chache baadaye, Februari 3, akiwa na umri wa miaka 51.

Heshima kubwa ilimjia akiwa kaburini. Mwaka wa 1946, kamati ya kimataifa ya simu iliamua kwamba kipimo cha msongamano wa simu kiitwe erlang. Laini moja iliyotumika saa nzima bila kupumzika imebeba erlang moja. Mwaka wa 1948, maandishi yake yalikusanywa na kuchapishwa Copenhagen pamoja na habari za maisha yake.

Jina hilo lilisikika tena mwaka wa 1986, wahandisi wa kampuni ya Ericsson nchini Sweden walipoanza kubuni lugha ya kompyuta ya kuendeshea mitambo ya simu ambayo haipaswi kuzimika. Waliiita Erlang. Baadaye lugha hiyo ndiyo iliyotumiwa kujenga mitambo ya WhatsApp. Hivyo kila mama mboga wa Satellite anayepokea oda ya sukuma wiki kwa WhatsApp anatumia chombo kilichojengwa kwa lugha yenye jina la mwalimu yule wa Jutland.

Swali la kumuuliza muuzaji

Kanuni za Erlang zilibainisha jambo ambalo kampuni nyingi hazipendi kulitaja. Ubora wa huduma haushuki kutoka mbinguni. Ni uamuzi, nao una bei. Anayepanga mtandao huamua mapema ni wangapi kati ya 100 watakaokataliwa au kucheleweshwa katika saa ngumu. Akiamua awe mmoja, atatoa fedha za njia za ziada. Akiamua wawe 20, atabaki na fedha hizo, na wateja watabaki na subira.

Kwa sababu hiyo, mitaa ya watu wa kipato cha chini isiambiwe kwamba mtandao mbovu ni kawaida yake. Nyumba zinazobanana si kisingizio pia. Hesabu ya laini 18 imekwisha kuonyesha kwamba watu wengi waliokusanyika mahali pamoja ni rahisi kuhudumiwa vyema kuliko wachache waliotawanyika, mradi njia ziwekwe kwa kipimo cha saa ya kilele wala si kwa wastani wa siku nzima.

Muuzaji wa intaneti abishapo hodi Riruta Satellite, kwa kawaida hutaja kasi tu. Mkazi na amuulize pia ni nyumba ngapi zinazogawana waya huo, kila nyumba hubakiwa na kasi gani saa mbili za usiku, na waya mkuu ukikatika kuna njia gani nyingine yenye nafasi. Maswali hayo matatu yana majibu ya tarakimu, na yamekuwa nayo tangu mwaka wa 1917.